Lipu ya nje ya nyumba ya zamani inadondoka kila baada ya masika: tubandue yote au tupige juu yake?

Mkazi Sinza D
Wakuu, salaam. Nyumba yetu ya familia ipo Sinza, marehemu baba aliimalizia mwaka 1979. Tofali za saruji za inchi sita, msingi wa mawe, paa la bati. Kwa ndani haina neno, tatizo lipo nje. Kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno lipu inafura, inatoa unga mweupe, halafu inadondoka vipande vipande. Juu ya madirisha kuna nyufa zinazofuata lenta, lile boriti la zege. Ukuta wa kusini umeshika ukungu mweusi. Mara ya mwisho tulipiga lipu mpya sehemu za chini na rangi ya nje ya bei kubwa. Masika ya kwanza tu yakaja, ikaanza upya pale pale.

Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza anasema bandua lipu yote mpaka tofali lionekane. Wa pili anasema tuigongegonge tupige juu yake, kisha tubandike vigae vya mawe nusu ukuta. Wa tatu ana dawa ya kupaka ya kuzuia fangasi. Bei zao zinapishana vibaya sana. Mama bado anaishi humo na hataki kusikia habari ya kuuza. Nimsikilize yupi?

Nyundo Nzito
Mkuu, huyo wa pili msimamishe. Ukibandika vigae juu ya ukuta wenye maji, maji hayaondoki, yanapanda yatafute pa kutokea. Baada ya muda unayaona juu ya vigae, baadaye yako sebuleni. Nimeshavunja kazi za namna hiyo Kijitonyama na Mwenge, nyuma ya kigae unakuta tope.

Dogo wa Tabata
Huo unga mweupe ni chumvi. Miaka ile watu walijenga kwa mchanga wa baharini, tofali lenyewe lina chumvi. Utapiga lipu mpaka uchoke. Dawa ni kuvunja ukuta kujenga upya, kwisha habari.

Ramani ya Kale
Dogo, kumvunjia mama wa watu nyumba kwa sababu ya unga? Punguza kasi. Saruji ina chumvi zake na udongo una zake. Maji yakipita humo yanazibeba, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kuwa fuwele. Fuwele zinahitaji nafasi, ndipo lipu inasukumwa na kufura. Ukuta ukiwa mkavu, chumvi inakaa tu miaka nenda rudi bila kufanya kitu. Mleta mada atafute maji yanakotoka.

Na huo mchanga wa baharini tusiutie chumvi zaidi. Mchanga mwingi wa Dar enzi hizo ulichotwa mitoni, kule Tegeta na Mbezi. Ndiyo maana watafiti wa pwani waliuhusisha uchotaji huo na fukwe za Kunduchi kuliwa na bahari: mto haukuwa na mchanga wa kutosha kupeleka ufukweni. Waliojenga kwa mchanga wa pwani walikuwepo, lakini si kila nyumba.

Babu Ilala
Wanangu, mnahangaika bure. Nyumba za Sinza zilijengwa na Msajili wa Majumba, na kazi za serikali za wakati ule zilikuwa imara. Walioziharibu ni mafundi wa sasa.

Ramani ya Kale
Shikamoo mzee. Kwa heshima, Sinza haikuwa ya Msajili. Msajili alikabidhiwa majumba yaliyotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, mengi yakiwa ya ghorofa katikati ya mji, na mwaka 1990 shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikuwa mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, fedha za Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja, ikaleta barabara na maji, nyumba mwananchi alijijengea, wengine kwa mkopo wa Benki ya Nyumba. Kwa hiyo hata kuta za majirani wawili hazifanani. Huyu alipata fundi mzuri, yule tofali zake zilifyatuliwa mfuko mmoja ukatoa tofali nyingi kupita kiasi.

Babu Ilala
Marahaba mwanangu. Lakini hata hizo za kujijengea, mkaguzi wa majengo alikuwa anapita kutazama msingi. Leo nani anapita?

Binti Saruji
Nimesoma wote. Mimi ni mhandisi wa majengo, na kazi za ukarabati ndizo ninazofanya zaidi. Naomba mleta mada asinunue mfuko hata mmoja kabla ya haya.

Chukua sarafu au funguo uzunguke nyumba ukigonga lipu kila hatua. Iliyoshika inalia kavu, mlio mfupi. Iliyoachana na tofali inalia kama debe tupu. Chora mipaka kwa chaki. Ukimaliza utakuwa na ramani ya ukuta wako, na utajua kama fundi wa kwanza ana haki ya kubandua yote. Mara nyingi juu ya madirisha lipu ya zamani bado imeshika vizuri sana na kuibandua ni kutafuta kazi.

Kisha jaribio la nailoni. Bandika kipande cha nailoni angavu cha upana wa nusu mita kwenye ukuta, utepe wa gundi pande zote nne, hewa isipite. Kimoja chini, kimoja juu, na kingine chumbani upande wa pili wa ukuta huo huo. Acha siku mbili tatu zisizo na mvua. Matone yakiwa upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa kwako, ni unyevu wa hewa tu.

La tatu, chimba pembeni ya msingi uone kama kuna karatasi ya lami ya kuzuia unyevu kati ya msingi na tofali la kwanza, na uone usawa wa uwanja wa sasa umefika wapi. Hapo ndipo nyumba nyingi za Sinza zilipoharibikiwa. Barabara imepandishwa, uwanja umejazwa kifusi, juu yake zimewekwa tofali za kupambia, na ile karatasi ya lami sasa ipo chini ya ardhi. Udongo umelala juu ya tofali, maji yanaingia yatakavyo.

Mkazi Sinza D
Asante sana Binti Saruji. Uwanja kweli tuliujaza, kibaraza cha mbele kilikuwa na ngazi tatu, sasa imebaki moja. Naanza kugonga kesho.

Nyundo Nzito
Ngazi mbili zimezama! Basi jibu umeshajipa mwenyewe mkuu.

Dogo wa Tabata
Jibu la mbele hilo. Ukungu wa kusini je? Huko hakuna ngazi.

Mpwani wa Shangani
Assalaam aleikum. Kusini ndiko unakovuma upepo wa kusi, na mvua ya masika hupigwa na upepo huo ikaja ikalala ukutani. Na jua halikai huko miezi mingi. Ukungu unataka maji na kivuli, vyote amepewa.

Lakini mimi nataka kusema jambo jengine. Nyinyi watu wa bara mmeizoea saruji mkadhani ndiyo lipu peke yake. Huku kwetu Mji Mkongwe kuta ni za mawe ya matumbawe, nene nusu mita na zaidi, na lipu yake ilikuwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa inachomwa, inazimwa kwa maji, inawekwa muda mrefu ndipo inatumika. Lipu ile inaachia unyevu utoke. Watu walipoanza kupiga saruji juu ya kuta hizo, maji yakafungiwa ndani, mawe yakaanza kumumunyuka nyuma ya lipu, na maboriti yaliyoingia ukutani yakaoza vichwa. Kwa nje nyumba inang'aa, kwa ndani imekwisha. Ndiyo Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe inapigia kelele chokaa irudi. Huyo bwana wa Sinza achanganye chokaa katika lipu yake, ataniombea dua.

Binti Saruji
Waaleikum salaam. Kwa kuta za matumbawe nakubaliana nawe kila neno. Kwa tofali la saruji si lazima chokaa tupu, ila kanuni ni hiyo hiyo: lipu isiwe ngumu kuliko kinachoibeba. Fundi akiona lipu imedondoka anaongeza saruji, moja kwa tatu, yaani sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga, akidhani ugumu ndio uimara. Inakauka, inanywea, inavuta tofali hafifu la miaka ya 1970 na kung'oka na ngozi yake. Tumia moja kwa tano au moja kwa sita, na ukipata chokaa ya ujenzi weka sehemu moja, lipu inakuwa laini na nyufa zinapungua.

Nyundo Nzito
Hapo dada yangu tutofautiane. Moja kwa sita upande wa kusi? Mvua inaikwangua. Mimi upande huo napiga moja kwa nne na haijarudi kwangu.

Binti Saruji
Kwa tofali jipya lenye nguvu, moja kwa nne inakaa. Kwa tofali unalolikwangua kwa ukucha likatoa mchanga, haikai.

Nyundo Nzito
Ukucha wa nani? Wangu unatoboa zege.

Mama Kibamba
Mimi si fundi, ni muuguzi. Mkikwangua rangi ya zamani msikwangue kavu. Rangi nyingi za mafuta za miaka ile zilitiwa madini ya risasi, vumbi lake ni sumu kwa watoto hata likiwa dogo. Lowesheni kwanza, tandikeni nailoni chini, watoto na vyakula mbali, na mafundi wavae barakoa. Naona watu wanapiga msasa nje, mtoto mchanga kalala barazani.

Mkazi Sinza D
Asante mama, hilo hakuna fundi aliyelitaja. Madirisha na grili zilipakwa rangi ya mafuta enzi za baba.

Jirani wa Buruburu
Hamjambo watu wa Bongo. Huku Nairobi mitaa kama Buruburu, nyumba za miaka ya 1970, tuna shida ya kufanana lakini chanzo tofauti. Watu wameongeza vyumba mbele na juu, ukuta mpya umeungwa na wa zamani bila kiungo chochote, halafu fundi anapitisha lipu juu ya pale palipoungwa kana kwamba ni ukuta mmoja. Mwaka haupiti, ufa unachora mpaka kutoka paa hadi chini. Mleta mada, kuna chumba kilichoongezwa? Pia kwetu wengi wanapenda rafukasti, ile lipu ya kurusha yenye chembe. Inaficha ukuta usionyooka, na maji hayateremki yakakusanyika mahali pamoja.

Dogo wa Tabata
Rafukasti Dar? Vumbi la barabarani linajaa kwenye chembe, baada ya kiangazi nyumba yako rangi ya udongo. Utapaka nyeupe, majirani wataona kahawia.

Jirani wa Buruburu
Ndugu, paka kahawia tangu mwanzo.

Kijani na Njano
Apake kijani na njano, ukungu hauonekani na ubingwa unaonekana.

Nyundo Nzito
Nyekundu na nyeupe ndiyo inayong'aa Sinza nzima. Tuendelee na mada jamani.

Mtu wa Leicester
Nawasalimu kutoka Uingereza. Nyumba yangu ni ya miaka ya 1930, zile mbili zilizogandana, ukuta umerushiwa vijiwe vidogo kwenye lipu mbichi, ndiyo ilikuwa fasheni ya vitongoji vyao vya wakati ule. Nayo ilikuwa inalia tupu. Huku lipu hairuhusiwi kugusa ardhi. Inakomea kama milimita 150 juu ya usawa wa uwanja, juu ya ile karatasi ya kuzuia unyevu, na pale inapokomea unawekwa ukingo unaotoka nje kidogo ili maji ya mvua yadondoke mbali na ukuta. Lipu ikishuka mpaka ardhini inakuwa daraja, maji yanapanda kupitia kwenye lipu yenyewe hata kama karatasi ya chini ni nzima. Nikija likizo Dar naona kila nyumba lipu imezama kwenye sakafu ya nje.

Jambo jingine, huku ukibandua zaidi ya nusu ya ukuta, kanuni za ujenzi zinakutaka uongeze kihami joto. Gharama inapanda ghafla. Nyinyi hamna hilo, shukuruni.

Binti Saruji
Mtu wa Leicester, hiyo ya lipu kukomea juu ningeomba kila fundi aisome. Chini ya hapo tunaweka mkanda wa saruji wenye kizuia maji, au tunaacha mawe ya msingi wazi na kuziba viungo.

Babu Ilala
Hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiifanya! Chini panapakwa lami nyeusi, unaona mstari mweusi nyumba nzima. Vijana wakaona si urembo, wakaufuta.

Fundi Rangi Tandika
Mimi nasema tatizo ni rangi. Zamani nyumba zilipakwa chokaa, kila Idi au kila Krismasi unapaka tena, ukuta unapumua. Sasa wanataka rangi inayonyumbuka, ya kuosheka, inafunga ukuta kabisa. Maji yaliyomo ndani yanaisukuma rangi inavimba mapovu. Ukilitoboa povu unakuta maji yenye ladha ya chumvi. Na wengine wanapaka lipu haijakomaa. Lipu mbichi ni kali, inaunguza rangi, inapauka mabakamabaka. Subiri kama wiki nne.

Dogo wa Tabata
Kwahiyo tumeshapata visababishi vingapi? Uwanja, kusi, saruji kali, kiungo, rangi. Na chumvi yangu mmeikataa.

Ramani ya Kale
Hatujaikataa, tumeitafutia maji.

Mjenzi Mwenyewe
Hapo kwenye lipu ya nje, si apige skimu ya jipsamu, lile tabaka jembamba la mwisho, iwe laini kama ndani? Yangu imependeza sana.

Nyundo Nzito
Ina muda gani?

Mjenzi Mwenyewe
Tangu Julai.

Nyundo Nzito
Subiri vuli mkuu. Jipsamu ni ya ndani. Ikinyeshewa inalainika, inageuka uji. Nje ni ile ya saruji nyeupe.

Kipimo Sawa
Turudi kwenye hela. Mkazi, eneo la kubandua likifika kama mita za mraba 100, saruji kiasi gani?

Nyundo Nzito
Mifuko 25.

Binti Saruji
Lipu ya milimita 15, moja kwa tano, mita za mraba 100: unahitaji mota, yaani mchanganyiko wa lipu, mita za ujazo moja na nusu. Saruji inakuja mifuko kumi au kumi na mmoja ya kilo 50, mchanga chini ya mita za ujazo mbili. Hiyo 25 inakwenda wapi?

Nyundo Nzito
Inakwenda kwenye ukuta wenyewe. Umewahi kuweka ubao kwenye ukuta wa 1979? Katikati umebonyea, kona imetoka. Kunyoosha tu kuna mahali lipu inafika milimita 40.

Binti Saruji
Milimita 40 kwa mkupuo mmoja ndiyo inayoteremka kwa uzito wake kabla haijakauka. Piga tabaka la kwanza, lichane, liache likauke, ndipo la pili. Au uache ukuta uwe na mawimbi yake, nyumba ya mzee si lazima inyooke kama kioo.

Kipimo Sawa
Mimi ningelipa mtu asimame kuhesabu mifuko inayofunguliwa. Nimemaliza.

Mkazi Sinza D
Wakuu, nimerudi na majibu. Nimegonga nyumba nzima. Mbele na upande wa bafuni, chini ya kiuno karibu yote inalia tupu. Juu ya hapo imeshika, isipokuwa vipande juu ya madirisha. Kusini, penye ukungu mweusi, lipu imeshika kabisa. Nailoni: mbele imelowa upande wa ukutani, bafuni imelowa zaidi, kusini kavu. Nimechimba mbele nikaikuta karatasi ya lami, ipo chini ya uwanja kama kiganja kimoja na nusu. Bafuni sikuikuta kabisa.

Mpwani wa Shangani
Kusini ukungu ni wa juu ya rangi tu. Osha, na ukate mti kama upo.

Mkazi Sinza D
Upo mwarobaini, mama haruhusu kuukata.

Mama Kibamba
Usiukate! Punguza matawi upande wa ukutani jua lipite.

Binti Saruji
Kazi nzuri sana. Mbele fukua, shusha uwanja mpaka chini ya karatasi, weka mfereji wa kokoto kandokando ya ukuta. Bandua yaliyoachana tu na sentimita chache kupita mpaka wa chaki. Kwangua viungo vya tofali, piga brashi kavu kuondoa chumvi, usioshe kwa maji, utairudisha ndani. Uache ukuta wazi kiangazi kizima kabla ya lipu. Hilo la kusubiri ndilo watu hawalitaki.

Dogo wa Tabata
Kiangazi kizima mama anakaa nyumba iliyochunwa?

Binti Saruji
Ndiyo. Ama sivyo anakaa nyumba iliyopigwa lipu kila mwaka.

Ramani ya Kale
Bafuni mimi siamini ni maji ya ardhini. Karibu na Mto Ng'ombe ningekubali, masika maji yanapanda. Hapa nashuku bomba. Funga maji ya nyumba usiku, soma mita, asubuhi soma tena.

Nyundo Nzito
Bomba la kuleta utalipata kwa mita. La kutoa je? Nyumba za umri huo bomba la maji taka lilikuwa la saruji, viungo vyake vimeshaachia. Angalia chemba.

Jirani wa Buruburu
Na nyufa za lenta hakuna aliyejibu.

Binti Saruji
Kama zimenyooka zikifuata lenta, ni zege na tofali kutanuka tofauti kwenye jua. Bandua ukanda pande zote mbili za kiungo, pigilia wavu wa waya uliopakwa zinki, ndipo lipu.

Nyundo Nzito
Mimi kwanza ningechokonoa. Madoa ya rangi ya kutu yakiwepo, ni nondo inaoza. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, inapasua zege kutoka ndani. Hapo wavu ni kufunika kidonda.

Mkazi Sinza D
Dirisha la jikoni madoa yapo. Mengine mawili hayana.

Nyundo Nzito
Basi la jikoni langu, mawili ya dada.

Binti Saruji
La jikoni nakuachia. Fungua zege mpaka nyuma ya nondo, isafishe ing'ae, usiipake lipu ikiwa na kutu.

Fundi Rangi Tandika
Na rangi msisahau, chokaa kwanza angalau mwaka mmoja.

Nyundo Nzito
Chokaa mama atachafuka kila akiegemea. Mkazi, hiyo chemba ipo mita ngapi kutoka ukuta wa bafuni?

Mkazi Sinza D
Haifiki mita moja, na mfuniko wake una ufa. Naufungua Jumamosi, nitaleta picha.